Mjerumani Ameondoka Kanyenye

Mke wangu ana orodha ya vitu vinavyotakiwa kutoka nyumbani kwetu Kanyenye, hapa Tabora, kabla mvua za Novemba hazijaanza. Mimi mwenyewe simo, ila nimeambiwa nisibweteke. Juu kabisa, juu ya redio isiyoshika stesheni yoyote na ndoo ya asali iliyopasuka, ziliandikwa raba zangu za mazoezi. Hakuandika "raba". Aliandika "ule uchafu".

Uchafu huo una historia. Niliupata kwenye robota la mitumba siku linafunguliwa, saa ile ambayo watu wazima wenye heshima zao husukumana na kukanyagana halafu jioni wakasalimiana bila kinyongo. Mchuuzi alizirusha juu. Mimi nikadaka mguu wa kulia, wa kushoto ukadakwa na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Tukabaki tunatazamana, kila mmoja na mguu wake, na hakuna aliyekuwa tayari kuuachia. Mchuuzi akaamua kesi kwa busara ya Nabii Suleimani: anayeenea avae. Mguu wa yule mama ukaogelea ndani. Wangu ukaingia kwa shida, nikakunja vidole nikatabasamu kwa uso wa mtu aliyepimiwa na fundi.

Ndani ya ulimi wa kiatu palikuwa na maandishi ya Kijerumani, basi nyumbani zikapewa jina la Mjerumani. Wajerumani si wageni Tabora. Wale wa kwanza walituachia Boma, wakatuletea reli iliyofika hapa mwaka 1912, na Septemba 1916 wakatolewa mjini na majeshi ya Wabelgiji. Mjerumani wangu hakumpiga mtu kiboko wala hakudai kodi. Kazi yake ilikuwa kunitoa Kanyenye alfajiri, kunipitisha chini ya miembe ambayo wazee husema iliota kutokana na kokwa zilizotupwa na watu wa misafara, na kunifikisha Kwihara, kusini-magharibi ya mji, kwenye tembe alilokaa Livingstone. Nasema nakimbia, lakini hilo ni neno la heshima tu. Wauza mkaa wenye baiskeli hunipita na magunia yao, na wakishanipita hugeuka kunipa pole.

Miguu na raba hupatana polepole. Ilifika mahali kidole changu kidogo kilikuwa na chumba chake mle ndani, na kisigino kilikuwa kimejichimbia makao ya kudumu. Nilizivaa gizani bila kupapasa. Gidamu sikuzifungua tena. Nilichomeka mguu, nikapiga chini mara moja, safari ikaanza. Ukishafikia hatua hiyo na kiatu, mambo madogo huyaoni. Huoni kwamba soli imekuwa nyembamba kiasi kwamba ukikanyaga mbigiri unajua ni ya mwaka huu au ya mwaka jana. Husikii harufu. Majirani ndio wanaosikia.

Kisha soli ya mguu wa kulia ikaachia mbele. Kila hatua ikawa inapiga kofi. Watoto wanaokwenda shule wakaligundua kofi hilo kabla yangu, wakaanza kunifuata wakiimba mchakamchaka kwa mapigo yake, nami sikuweza kuongeza mwendo bila kuharakisha wimbo. Mbwa wa mtaa wa pili, aliyekuwa amenizoea mpaka akaacha kuinua kichwa, akaanza upya kunibwekea. Nadhani aliona tuko wawili.

Siku moja kukawa na msiba mtaani. Viatu vyangu vya heshima vilikuwa vimelowa, nikaenda na Mjerumani, nikamwacha mlangoni pamoja na viatu vya wenzangu. Wakati wa kutoka palikuwa na vurugu ya kawaida: huyu kavaa ndala za yule, yule anatafuta makubadhi yake, mzee mmoja kabaki na miguu miwili ya kushoto. Zangu hazikuchanganywa na za mtu. Zilikuwa peke yake pembeni, chini ya mpapai, na karibu yake palikuwa na fimbo iliyotumika kuzisogeza.

Nilianza kuzitetea kwa hoja. Wenye elimu ya viatu husema raba ya kukimbilia huhimili kilomita kati ya 500 na 800, kisha ile sponji iliyo katikati ya soli, ambayo ni vipovu vya hewa vilivyofungiwa ndani ya plastiki laini, hugandamana na kukataa kuinuka tena. Juu kiatu kinaweza kuonekana kizima, kumbe chini kimekufa siku nyingi. Mke wangu aliposikia hivyo alisema Mjerumani alikufa Ulaya, sisi tulipokea maiti. Nikamwambia atazame hesabu hiyo kwa macho ya mtu wa Tabora. Kwa reli, kutoka Dar es Salaam mpaka hapa ni kama kilomita 840. Stanley, yule aliyekuja kumtafuta Livingstone, alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 alitumia karibu miezi mitatu kufika Unyanyembe, huku kwetu. Maana yake, ungempa mpagazi wa Kinyamwezi raba mpya kabisa za leo pale pwani, zingemfia karibu na nyumbani, na bado angekuwa na frasila mbili begani, kilo 32 hivi. Babu zetu walifanya safari hiyo kwenda na kurudi, wengi wao kwa miguu mitupu. Ninyi mnaninung'unikia mimi kwa soli iliyofunguka!

"Basi nenda miguu mitupu," alisema mke wangu.

Nikatafuta utetezi mwingine, nikaupata Kwihara kwenyewe. Desemba 1871 Stanley na Livingstone waliondoka Ujiji kuja huku. Njiani miguu ya Livingstone ilikuwa inatoka damu, na viatu vyake alikuwa amevipasua kwa kisu hapa na pale ili malengelenge yapumue. Stanley ameandika katika kitabu chake kwamba viatu vile vilikuwa vimechakaa hivi kwamba katika msafara wake mzima hakuna mtu ambaye angevikubali hata kwa zawadi, awe na hamu kiasi gani ya kuvaa kizungu. Lakini mzee aliendelea navyo! Nikamsomea mke wangu sehemu hiyo kwa sauti ya ushindi. Akasema, "Umeona? Hata Mzungu mwenzake alikuwa anaona aibu."

Nami kwa kupenda kusoma nikaendelea mbele, jambo ambalo halinisaidii katika ndoa. Februari 18, 1872 wakafika Kwihara, wakafungua masanduku yaliyokuwa yakimsubiri, na Livingstone akaandika katika kumbukumbu zake jinsi alivyofurahi kukuta jozi mbili za buti nzuri za Kiingereza alizotumiwa na rafiki yake Waller. Furaha tupu, bila kusitasita. Mke wangu akauliza swali moja tu: je, baada ya kupata vipya, vile vya zamani alivihifadhi chini ya kitanda cha mke wake?

(Naomba niseme hili pembeni. Viatu vya Livingstone vimeandikwa na watu wawili, kila mmoja na daftari lake. Watumishi wake Susi na Chuma, ambao mwaka uliofuata walikuwa na wenzao katika kuibeba maiti yake kutoka kijijini kwa Chitambo alikofia, wakaipitisha hapa hapa mpaka Bagamoyo, miguu yao haikupata wasifu wa namna hiyo. Kila nikipita pale tembeni huwa nawawazia hao zaidi, hasa kwenye ile sehemu yenye kichanga kirefu.)

Kabla ya kukubali yaishe nilimpelekea fundi viatu. Fundi wangu ni Mzaramo, na sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu zama za misafara, kwa hiyo bei hatupatani mpaka kwanza tumetukanana vizuri. Alimshika Mjerumani kwa vidole viwili, akamgeuza, akachungulia kwenye tundu la soli akaniona upande wa pili.

"Mnyamwezi, umekuja kushona au kuzika?"

"Kushona, bwana. Tia gundi, piga uzi wa nailoni, basi."

"Uzi nitaushika wapi? Hapa hakuna kiatu, kuna uvumi wa kiatu."

Nikamwambia ajitahidi. Akaita wenzake wa vibanda vya jirani waje kuona. Mmoja akavua kofia. Fundi akasema kuzika ni kazi ya mtani na yeye hawezi kuikimbia kazi yake, ila ada ya mtani msibani inajulikana tangu enzi, na akanyoosha mkono. Nilibisha, lakini waombolezaji walikuwa wengi upande wake, wakaanza kulia kwa sauti, wapita njia wakasimama. Nikatoa hela ya chai. Nimelipa fundi viatu kwa kunitia moyo nisishone, na mpaka leo sijui ni biashara ya aina gani.

Sokoni, muuza raba aliona uso wangu akajua nimefiwa. Kila jozi aliyoishika ilikuwa ndiyo "ile ya Simbu". Tangu Septemba 2025, Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo, hakuna raba Tabora isiyokuwa ya Simbu, zikiwemo zile za watoto zenye taa kisiginoni. Nakiri mbio zile zilinipa raha ya pekee. Baada ya kilomita 42 na ushee walimaliza wawili kwa saa 2:09:48, wakatenganishwa na sekunde 0.03, na aliyeshindwa, Amanal Petros, alikuwa anaikimbilia Ujerumani. Nilimwambia mke wangu wakati ule kwamba Mjerumani wetu naye asingeshindwa kwa zaidi ya hapo. Alikuwa anakuna nazi, hakujibu.

Nikanunua. Rangi yake ni ile ya koti la askari wa barabarani, na kwa kweli siku ya kwanza bodaboda alisimama nilipovuka mahali pasipo na kivuko, abiria wake akanishukuru. Soli ni nene, imejaa hewa, unapokanyaga inakurudisha juu kabla hujaamua unakwenda wapi. Wenyewe husema hiyo ndiyo raha ya raba mpya. Mimi nilijiona nimepanda mnyama ambaye hatujatambulishwa. Kidole kidogo kiligonga ukuta. Kisigino kilitafuta makao yake kikakuta nyumba imepangishwa kwa mtu mwingine. Nilipofika Kwihara nilikuwa na malengelenge ambayo Livingstone angeyatambua, ila kisu sikuwa nacho, nikarudi mjini nikiwa nimezifunga gidamu na kuzining'iniza shingoni, miguu mitupu kwenye kichanga. Njiani nikakutana na wale watoto wa shule. Walinitazama miguuni, wakatazama shingoni, wakapita kimya bila mchakamchaka. Nilichukia kimya kile kuliko zile nyimbo.

Nyumbani, chini ya kitanda pamefagiliwa. Mke wangu alikuwa amefanya kazi ya Wabelgiji mimi nikiwa mazoezini. Alisema hakumtupa, amemweka tu kando ya jalala, juu ya kipande cha boksi, "kwa heshima". Nilikwenda mbio, au tuseme nilikwenda kwa kuchechemea, nikakuta boksi lipo na Mjerumani hayupo.

Sikutegemea nitakachokisikia moyoni. Kwanza fahari: yupo mtu Kanyenye aliyemtaka! Stanley alisema hakuna ambaye angekubali viatu vya namna ile hata kwa zawadi, na sasa vya kwangu vimechukuliwa kabla ya saa nne asubuhi. Kisha wivu ukaingia. Kwa siku kadhaa nikawa natembea mtaani nikitazama watu miguuni, mpaka shemeji mmoja akamuuliza mke wangu kama nimepoteza hela.

Mjerumani nilimpata kwa jirani, mzee mmoja mwenye kuku wengi. Nilikwenda asubuhi kumsalimia. Mwangaluka, mwangaluka, habari za nyumbani, habari za kuku. Na pale kwenye mlango wa banda nikaiona soli ya mguu wa kulia, imekatwa vipande viwili vya sawasawa, imepigiliwa misumari juu na chini, imekuwa bawaba. Mlango unafunguka na kujifunga wenyewe bila kelele. Soli iliyokuwa inapiga makofi mtaa mzima haitoi hata mnong'ono. Mguu wa kushoto ulikuwa ndani, na jogoo mmoja wa kienyeji alikuwa amelala juu yake.

"Mpira mzuri sana ule," mzee aliniambia. "Siku hizi mipira kama hiyo hupati. Mwenye viatu sijui alikuwa nani, alivitumia vizuri, vimelainika."

Nikamwambia ni kweli, alivitumia vizuri. Mzee akanitazama miguuni, akainama kidogo, akaminya soli yangu mpya kwa kidole gumba, kwa utulivu wa mtu anayechagua parachichi.

"Na hivi unavimaliza lini? Mlango wa choo nao umelegea."

"Bado sana, mzee. Vinakwenda mpaka kilomita mia tano."

Akapiga hesabu kimya, macho yakiwa kwenye miguu yangu. Amekuwa akiniona nikipita kila asubuhi, anaujua mwendo wangu.

"Aa," akasema, akirudi kwa kuku wake. "Basi ngoja nitafute kamba."