Kibao Kipo, Ila Hakipo

Ukitaka kujua Mtanzania anavyoichukulia faini, soma kuta. Kuanzia Kariakoo hadi hapa Katesh, ni nadra kukosa ukuta ulioandikwa kwa rangi nyekundu: USIKOJOE HAPA, FAINI 50,000. Kosa limetajwa, bei imetajwa, na mahali ndipo hapo uliposimama. Kinachokosekana ni mtu wa kuipokea hiyo hela. Sijapata kumwona mwenzangu yeyote akitoa mfukoni risiti ya kukojoa.

Barabarani mambo yamepinduka. Mpokeaji yupo, mashine yake ina chaji, bei inajulikana nchi nzima. Maandishi ndiyo yaliyopungua.

Siku ya mnada Katesh hupumua kwa shida. Wabarabaig wanashusha ng'ombe, Wairaqw wanakuja na vitunguu swaumu kutoka upande wa Mbulu, malori yanayotoka Singida yanapigiana honi na mabasi ya Arusha, na wote hao wanagombea lami moja, ile ya Babati kwenda Singida. Juu yetu Mlima Hanang, wenye mita zaidi ya 3,400, unatazama tu. Katikati ya vurugu hiyo nikaona nafasi pembeni mwa barabara, pana, safi, haina hata mbuzi. Siku ya mnada nafasi ya namna hiyo ni kama siti ya dirishani kwenye basi la sikukuu: huitafuti, unajaaliwa. Nikaingiza Kirikuu yangu na magunia yake ya alizeti, nikazima injini.

"Shikamoo, mzee."

Alikuwa askari kijana, nadhifu, sare imenyooshwa. Adabu ikitangulia namna hiyo, ujue faini inafuata nyuma.

"Marahaba, afande."

"Mzee, umeegesha pasiporuhusiwa."

"Nani kakataza?"

"Kibao."

Akanyoosha kidole. Nguzo ilikuwepo, siwezi kumsingizia. Ya chuma, imesimama wima, ina matundu ya bolti kule juu. Chini ya matundu ilikuwa imebandikwa karatasi: VIWANJA VINAUZWA, BEI MAELEWANO, na namba ya simu.

"Afande, hii inanikataza kupaki au inanishauri nijenge?"

"Kibao kipo, mzee. Ila kimeondolewa."

Kijiwe cha bodaboda hakikuhitaji mwaliko. Wakasogea, wakafuatiwa na mama wa chai na sufuria yake mkononi, na baraza likawa limefunguliwa. Wa kwanza akasema kibao kimekwenda kwenye vyuma chakavu. Hakuna aliyebisha; alama nyingi za barabarani nchi hii zimeishia kwenye mizani, ambako bamba huuzwa kwa kilo na ujumbe wake ni bure. Wa pili akauliza kibao kilikuwa cha nani. Barabara kuu ni ya TANROADS, za mitaani ni za TARURA tangu 2017, na nguzo yetu ilisimama pale pale njia ya mtaani inapoingia kwenye lami. Wakapima kwa hatua za miguu. Kwa kipimo cha viatu vya matairi nguzo ilikuwa ya TARURA. Kwa kipimo cha kandambili, ya TANROADS.

Kijana mmoja akajaribu: "Labda kilichukuliwa na lile tope." Watu wakanyamaza. Tope lililoporomoka kutoka mlimani tarehe 3 Desemba 2023 liliua watu zaidi ya 80, na hapa mjini hakuna asiyemjua mmoja wao. Mzee mmoja mwenye fimbo na shuka akamwambia taratibu, "Tope halikufika hapa, mwanangu. Usilipe kazi ya wezi." Kijana akaomba radhi, baraza likaendelea.

Faini yenyewe ilikuwa shilingi 30,000. "Kaka, ungekuja na pikipiki," bodaboda mmoja akaninong'oneza, "ungelipa 10,000." Ni kweli, bajeti ya 2021 iliwashushia. Ila magunia ya alizeti hayakai kwenye pikipiki, ingawa yule bodaboda alikuwa tayari kunithibitishia kwamba yanakaa.

Hapo nikapata wazo la kisheria. Aliyebandika tangazo la viwanja aliikuta nguzo ikiwa tupu. Huyo ndiye shahidi wangu! Tukampigia. Alipokea haraka, sauti tamu: "Karibu sana bosi, unataka robo heka au nusu?" Nikamwambia ninachotaka ni ushahidi kuhusu nguzo ya barabarani, na kwamba niko hapa na askari. Ukimya. Kisha akasema nguzo haijui, karatasi haijui, na biashara ya viwanja hajawahi kuifanya maishani mwake. Akakata simu. Shahidi wangu akawa ameyeyuka, namba yake ikiendelea kupepea mbele yetu.

"Mzee, unakubali kosa au unakataa?" afande akauliza. Swali lilikuwa la haki. Chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, dereva aliyeandikiwa anaweza kulipa yakaisha, au akakataa akapelekwa mahakamani. Kule Uingereza kuna mabaraza huru ya kusikiliza rufaa za maegesho, na dereva anaweza kushinda kwa kuonyesha picha ya kibao kilichofunikwa na matawi. Kwetu utaingia kwa mlango uleule wa mwizi wa ng'ombe, ukae naye benchi moja, na akikuuliza umekuja kwa kosa gani, utaona aibu kumjibu.

"Nakataa," nikasema.

"Kielelezo chako mahakamani kitakuwa nini?"

"Kutokuwepo kwa kibao."

"Utakileta vipi?"

Baraza zima likafikiri. Kitu kisichokuwepo hakibebeki, hakipigwi muhuri, na karani hawezi kukifungia kabatini. Ningeweza kupiga picha, lakini picha ya kibao kisichokuwepo ni picha ya tangazo la viwanja.

Kesi iliamuliwa na wengine. Tulipokuwa tunabishana, lori la Singida lililiona gari langu, likaona na askari amesimama kwa amani, likapaki nyuma yangu. Likafuata Noah. Likafuata trekta lenye tela la mahindi. Afande akapuliza filimbi, akaenda kwa dereva wa lori.

"Umeegesha pasiporuhusiwa."

"Kibao kiko wapi?"

Akaenda kwenye Noah. "Kibao kiko wapi, afande?" Wa trekta hakungoja kuulizwa, alikuwa ameshateremka, anasoma bei ya viwanja.

Afande akarudi kwangu, jasho limemtoka. "Mzee, ondoa gari. Nimekupa onyo."

"Limeandikwa wapi?"

"Lipo, mzee. Halijaandikwa."

Fundi wa kuchomelea wa pale jirani, aliyekuwa akisikiliza muda wote na miwani yake myeusi kichwani, ndipo akafungua kinywa. Akasema kibao kama kile yeye anatengeneza, kazi ya mchana mmoja tu.

"Bei gani?" afande akauliza.

"Pamoja na rangi, elfu thelathini."

Afande akaitazama mashine yake. Kisha akanitazama mimi. Nikawasha gari.