Mpeni Mzee Mkasi Unaokata

Kila ifikapo Desemba, nyumba za kulea wazee za Uingereza na Marekani, ambamo baadhi ya wahudumu ni Waswahili, hutandika meza ndefu ya karatasi nyeupe, gundi, pamba na kikopo cha glita. Wazee wanaketishwa, redio inafunguliwa, na kazi ya kutengeneza mapambo ya majira ya baridi inaanza. Saa moja baadaye theluji ya karatasi imechanika, gundi imeganda kwenye mkono wa sweta, na glita imo kwenye chai, kwenye nyusi na, kwa njia ambayo sayansi haijaieleza, kwenye meno ya bandia yaliyoachwa chumbani. Lawama humwangukia mzee: mikono inatetemeka, macho hayaoni, kichwa kimechoka. Mimi nasema mshtakiwa si huyo. Ichunguze ajali moja baada ya nyingine, utamkuta nyuma yake kijana aliyeandaa shughuli, aliyechagua kazi ya chekechea akawakabidhi watu waliowahi kushona nguo za maharusi, kuendesha treni na kuzika waume wawili.

Tuanze na mkasi. Unaowekwa mezani ni wa plastiki, ncha butu, matundu ya vidole vya mtoto wa miaka minne. Mwenye baridi yabisi, viungo vimemvimba, akifanikiwa kuuvaa hafanikiwi kuuvua. Na mkasi wenyewe haukati karatasi, unaitafuna tu. Madukani ipo mikasi ya springi inayofunguka yenyewe ukiachia, unaibana kwa kiganja basi, lakini kuinunua kunataka mtu awe amefikiria vidole vya anaowaandalia. Kisha ije mikunjo. Theluji ina pembe sita, kwa kuwa molekuli za maji zikiganda ndivyo zinavyojipanga. Mwanaastronomia Johannes Kepler alilitungia jambo hilo kijitabu mwaka 1611, akampa mfadhili wake kuwa zawadi ya mwaka mpya. Wilson Bentley, mkulima wa Jericho, Vermont, alipiga picha yake ya kwanza ya chembe ya theluji mwaka 1885, akaendelea hadi zikazidi 5,000. Pembe nane asingezipata hata angepiga hadi leo. Kijana wetu mwandaaji huzipata kila Desemba: anakunja karatasi nusu, nusu tena, nusu tena. Kinachotakiwa ni kukunja nusu mara moja, halafu kuigawa nusu hiyo mikunjo mitatu iliyo sawa. Kisha anamwambia mzee, "Kata popote upendapo." Mzee anapenda kukata upande wote wa mkunjo, na karatasi ikifunguliwa inamwagika mezani vipande vipande. Agizo limetiiwa neno kwa neno, lakini anayeonewa huruma ni aliyelitii.

Glita ni kesi ya peke yake. Ni plastiki iliyokatwa vipande vidogo mno, haifagiliki ikaisha, na Oktoba 2023 Umoja wa Ulaya ulianza kupiga marufuku uuzaji wa ile ya plastiki inayomwagwa huru. Waingereza walikuwa wameshatoka kwenye Umoja huo, kwa hiyo nyusi za wazee wao hazikunufaika.

Kama kazi za kumfaa mtu mzima zingekuwa adimu, ningenyamaza. Lakini zipo, tena za kale. Liko chungwa la karafuu, pambo la Ulaya la miezi ya baridi. Unatoboa ganda kwa kijiti cha meno, unachomeka karafuu, unafuata tundu la pili. Ukichomeka bila kutoboa, hufiki mbali kabla kidole gumba hakijawaka moto. Karafuu zikae karibu karibu, maana palipo wazi ndipo ukungu unapoanzia; kisha chungwa linafungwa utepe, linatundikwa pakavu penye hewa, na baada ya wiki kadhaa linakuwa jepesi, gumu, lenye harufu nzuri. Mhudumu aliyetoka Pemba ana mengi ya kueleza mezani hapo kuhusu kuchuma, kuchambua na kuanika juani, na Mwingereza wa miaka 88 atayasikiliza kwa sababu ni maneno ya watu wazima. Uko pia moyo wa karatasi wa Krismasi wa Denmark. Wa zamani zaidi unaojulikana ulitengenezwa na mtunzi Hans Christian Andersen mwaka 1860, akiwa na miaka 55, naye alisifika kwa kukata karatasi kwa mkasi mkubwa huku akisimulia hadithi. Tepe za rangi mbili hupitishwa moja ndani ya mwenzake, kisha nje yake, kwa zamu, kama ukili unavyosukwa, hadi utoke mfuko mdogo wa kutilia peremende. Ukikosea zamu moja, mfuko haufunguki. Kazi hii inaweza kukushinda, na ndiyo maana kuiweza kuna heshima.

Atasimama wa kupinga: maneno matamu hayo, lakini mkono unaotetemeka hausuki karatasi. Ni kweli, mingine haisuki. Jibu lilipatikana Ufaransa. Mchoraji Henri Matisse, baada ya upasuaji mkubwa wa mwaka 1941, hakuwa tena na nguvu za kusimama muda mrefu mbele ya turubai, akageukia mkasi na karatasi, mara nyingi akiwa kitandani au kwenye kiti cha magurudumu. Wasaidizi walipaka karatasi rangi, yeye akakata, wao wakavishikiza vipande ukutani kwa pini huku akiwaelekeza. Picha yake ya konokono, ya mwaka 1953, ina upana wa karibu mita tatu, naye alikuwa amepita miaka 80. Vijana walitoa miguu na mikono, mzee akatoa amri. Kwenye meza ya Desemba mgawo huo hupinduliwa: kijana anaamua rangi, umbo na pa kutundika, kisha anamwachia mzee ile kazi ya vidole ambayo ndiyo hasa inayomshinda. Na sidhani kama kuna aliyemwambia Matisse, "Hongera babu, umejitahidi!"

Mwingine ataleta hoja ya ugonjwa wa kusahau. Lakini asiyeweza kushika hatua tano huenda akashika moja, na chungwa la karafuu ni hatua moja inayorudiwa mara nyingi; mazoea ya mikono mara nyingi hudumu hata majina ya wajukuu yakishapotea. Anayetia kila kitu mdomoni anahitaji mtu kando yake, sikatai, ila alimhitaji hata mbele ya glita. Kuzungumza naye kitoto hakumsaidii pia: watafiti wa Marekani wamekuta kwamba wagonjwa hawa huzidi kukataa kuhudumiwa wanaposemeshwa hivyo. Nadhani hata mimi ningegoma.

Hoja ya mwisho ndiyo inayopendwa zaidi, kwa sababu inasamehe kila kitu: hii ni ya kupitisha wakati tu. Lakini mtu wa miaka 90 ndiye wa mwisho kuombwa apitishe wakati, anaujua uliobaki. Basi anayeandaa meza ajiulize kabla hajafungua kabati: pambo hili lingetengenezwa na mtu wa miaka 40, lingetundikwa sebuleni, au lingesifiwa kisha lifichwe? Kama ni la kufichwa, alirudishe kabatini, awaulize wazee wenyewe wanataka kutengeneza nini. Wapo watakaojibu kwamba hawataki kutengeneza chochote, wanataka chai. Hilo nalo ni jibu la mtu mzima, na kazi ya kijana hapo ni kuuliza sukari ngapi.