Goti Langu Halina Mradi

Kamina, Haut-Lomami

Kwa Mheshimiwa Mkubwa wa Afya,

Jina lako siliandiki. Si kukosa adabu, ni uzoefu. Kwetu wakubwa hubadilika upesi kuliko barua inavyosafiri, na sitaki maneno yangu yafike mezani yakimtafuta mtu aliyekwisha kuondoka. Wewe uliyeikuta, ndiwe niliyekuandikia.

Naanza kwa kuomba radhi. Mwanamke wa Kiluba akitaka kusema na mkubwa hupiga magoti kwanza. Mimi nakuandikia nikiwa nimekaa, mguu wa kulia nimeunyosha juu ya ndoo iliyopinduliwa. Goti la kushoto liko tayari kukusalimu. La kulia limekataa, na kupiga goti moja kwa mkubwa ni sawa na kumpa mkono wa kushoto.

Mheshimiwa, mimi ni mama wa unga. Zaidi ya miaka thelathini nimeuza unga wa mahindi na wa muhogo sokoni, na watoto saba wamekula bukari ya unga huo. Watu husema gunia hubebwa kwa kichwa. Wanaosema hivyo hawajabeba. Kichwa hushika tu, shingo hunyamaza, na anayelipa deni lote ni goti. Langu lilianza kudai kama miaka miwili iliyopita. Asubuhi linakuwa gumu kama mlango uliovimba kwa mvua. Nikizungukazunguka uani linalegea. Jioni limevimba, na nikilikunja nasikia kokoto zikisagana ndani.

Basi nikaenda kituo cha afya. Jina lake nitalificha, kwa sababu walinipokea vizuri na benchi lao lina mahali pa kuegemea. Nikalipa fishi, ile kadi ya mgonjwa. Kijana wa koti jeupe akaniuliza, «Mama, unaumwa nini?» Nikasema goti. Akanichoma kidole.

Nikadhani labda damu ya kidole ina habari za goti, kwa maana mwili ni kijiji kimoja. Nikalipa maabara, nikangoja. Majibu yakatoka: malaria, msalaba mmoja. Na kile kipimo chao cha Widal kikasema tifoidi. Nikauliza, «Na goti, mwanangu?» Akaniambia kwa upole, kama mtu anayemfariji mfiwa: «Ndiyo hiyo tifoidi, mama. Imeshuka gotini.»

Nikatundikiwa serumu. Nikanywa vidonge vya rangi tatu. Malaria ikapona, kama kweli ilikuwepo. Tifoidi ikapona, nayo vilevile. Goti likabaki linanitazama.

Usimkasirikie kijana yule, Mheshimiwa, mimi mwenyewe sikumkasirikia. Nilikuwa na muda mrefu wa kuangalia ukuta wakati serumu inadondoka, nikasoma mabango yote. Moja la mbu. Moja la kifua kikuu. Moja la ukimwi. La chanjo, la kunawa mikono, la mama mjamzito. Kila bango lilikuwa na alama chini, na kila alama ina sanduku lake la vipimo, daftari lake la kujaza, na gari lake jeupe linalopita barabarani na kutuachia vumbi. Kijana amepewa macho ya kuona malaria. Ameona malaria. Angepewa daftari la magoti, angejaza magoti.

Hapo ndipo nilipouelewa ugonjwa wangu. Goti langu halina mradi.

Sisemi kwa wivu. Mwaka 2017 polio ilipozuka katika jimbo letu, nilifurahi kuona vijana wakipita nyumba kwa nyumba na vibuyu vyao vya barafu. Kipindupindu cha Bukama na Malemba-Nkulu, kando ya maziwa yale, kina haki ya kukimbiliwa. Surua pia, watoto tumewazika. Ujauzito nao umepata bahati: Septemba 2023 mlizindua Kinshasa mpango wa kujifungua bila malipo, nami nikapiga makofi, ingawa mimba zangu saba zilikuwa na haraka, hazikungoja. Magonjwa haya yanaua. Goti lina aibu hiyo moja, haliui. Linamwacha mtu hai, amekaa, anauliza maswali.

Nikaendelea kutafuta. Muuza dawa mmoja, ambaye naye simtaji, alinipa sindano ya diclofenac ikaniunguza tumbo, kisha akanipa «dexa», vile vidonge vidogo ambavyo wasichana wetu hununua ili wanenepe. Mheshimiwa, dexa ni muujiza. Kwa wiki mbili nilitembea kama msichana. Wiki ya tano uso wangu ulikuwa mwezi mpevu. Sokoni wakanipongeza: biashara ya unga inalipa, mama! Wasichana wawili wakanivuta pembeni niwaambie nanunua wapi. Nilipoacha, maumivu yakarudi na nduguze. Baadaye nikaambiwa kwamba dawa hiyo ikimezwa kila siku hupandisha sukari na presha na kuila mifupa, ile mifupa niliyokuwa naitibu.

Shemeji yangu alisema ni kijicho cha jirani. Pasta alisema ni shetani wa uvivu. Mzee mmoja alinichanja chale na kuniumika kwa pembe; huyo angalau alilishika goti.

Wa pili kulishika alikuwa daktari mzee, mstaafu, niliyeelekezwa na mteja. Alinilaza, akalikunja na kulikunjua, akaweka kiganja juu yake, akasikiliza kwa mkono kama mtu anayepima maji ya kuogeshea mtoto. Akaniambia kwamba mwisho wa kila mfupa una gegedu, kitu laini chenye kuteleza, na kwamba langu limelika kwa miaka, kwa uzito, kwa magunia. Hakuna kidonge cha kuliotesha tena. Lakini msuli wa paja ukipata nguvu hulibebea goti sehemu ya mzigo, kwa hiyo kila siku nikae kitini, ninyooshe mguu, nihesabu hadi tano, nishushe. Paracetamol siku za shida. Gunia kwa mkokoteni. Na fimbo niishike kwa mkono wa kushoto, mkono ulio upande wa goti zima. Mimi na mtaa wote tulikuwa tukiishika kulia! Dakika ishirini, na bei yake haikufika nusu ya serumu ya tifoidi.

Akaongeza kwamba kama nataka uhakika zaidi, nikapige radio, yaani picha ya mifupa. Nilipofika nyumbani nikatangaza hivyo, mjukuu akaniletea radio yake ya betri. Tulicheka hadi goti likauma. Na kama nataka bingwa wa mifupa, akasema, niende Lubumbashi: kama kilomita 600 za reli, kwa behewa ambalo ngazi yake ya kwanza iko kiunoni. Ili nifike kwa mganga wa magoti, ninahitaji kwanza goti zima.

Wakubwa wenzako, nasikia, wakiumwa viungo hupanda ndege hadi India au Afrika Kusini. Siwalaumu. Ngazi ya ndege ina mahali pa kushika.

Mheshimiwa, kuna magoti ya Kiluba yanayotunzwa vizuri sana. Mababu zetu walichonga viti vya wafalme, lupona, vikibebwa kichwani na wanawake wa mbao. Wengine wamesimama, wengine wamepiga magoti, wote wanabeba. Vingi viko katika makumbusho ya Tervuren, huko Ubelgiji, vingine London na New York. Wanawake hao wanakaa nyuma ya kioo, katika vyumba ambavyo joto na unyevu hupimwa ili mbao isipasuke, na wapo wataalamu wenye glavu wanaoangalia ufa wowote. Kazi yao na yangu ni moja, kubeba kwa kichwa. Nafikiri kosa langu ni kuumbwa kwa nyama.

Kwa hiyo naleta ombi, na nimejifunza kuliandika kwa lugha yenu. Naomba mradi wa goti. Uwe na alama: goti lenye tabasamu. Uwe na fulana na kofia, maana bila fulana hakuna ugonjwa. Uwe na semina ya siku tatu katika hoteli yenye chai na mandazi, na wanasemina wapewe posho. Siku ya mwisho, wakati wa picha ya pamoja, mmoja wao apewe ruhusa ya kushika goti la mtu.

Msiseme hakuna mfano. Mwaka 1978, kule Alma-Ata, dunia iliahidi afya kwa wote ifikapo mwaka 2000. Mwaka 2000 ukafika. Januari ya mwaka huohuo, Geneva, ukazinduliwa Muongo wa Mifupa na Viungo, hadi 2010. Muongo mzima wa kwetu! Sikupata habari. Mwanzo wa muongo huo kulikuwa na vita, na magoti ya Katanga yalikuwa kazini, yanakimbia. Na kila tarehe 12 Oktoba ni siku ya dunia ya magonjwa ya viungo. Kwetu mvua ndiyo kwanza zinaanza wakati huo. Wahusika wote wako shambani, wameinama na jembe. Mkitaka kuiadhimisha, tufuateni huko.

Katiba ya 2006 ninayo, mwanangu wa tano aliniletea. Kifungu cha 47 kinasema haki ya afya imehakikishwa. Nimekisoma mara tatu nikitafuta mahali palipoandikwa «isipokuwa goti». Sijapaona, lakini miwani yangu nayo ni ya zamani, na macho hayana mradi.

Wiki iliyopita vijana wa chanjo walipita tena mtaani. Walipochanja wajukuu, mmoja akatoa chaki kuandika mlangoni, kama kawaida yao: tarehe, namba, mshale wa kuonyesha nyumba inayofuata. Nikamwita. Nikapandisha kitenge hadi juu ya goti, nikamwambia, «Mwanangu, na hapa weka alama.» Akamtazama mwenzake. Akachuchumaa, kijana mwenye adabu, akaandika juu ya goti langu tarehe na mshale. Kwa siku hizi naoga nikilikwepa.

Walisema atakuja msimamizi kuhakiki alama. Mwambie nyumba ni ya mlango wa bluu, nyuma ya soko. Asibishe hodi mara nyingi, nachukua muda kuinuka.

Ni mimi,
Mama wa unga