Kamati Imekwenda Moshi

Katika sharika nyingi za Kilutheri hapa Dar es Salaam, kamati ya sherehe ya Krismasi huundwa Oktoba, hupamba moto Novemba, na ifikapo tarehe 20 Desemba wajumbe wake wako stendi ya Magufuli, Mbezi Louis, wanagombea siti za Moshi. Jambo hili si siri ya kanisa. Nchi nzima inajua kwamba mwisho wa mwaka Wachaga wanapanda kwao. Watu wa redio wanatania, LATRA inatoa vibali vya mabasi ya ziada, na foleni za mjini zinapungua mpaka mtu anatoka Morocco anafika Posta akiwa bado na hasira alizotoka nazo nyumbani. Treni ya abiria ya Moshi ilipofufuliwa mwaka 2019, baada ya kulala zaidi ya miaka ishirini, ilianza safari Desemba, na sikumsikia mtu akiuliza kwa nini Desemba.

Ninachoshindwa kuelewa ni jinsi sisi tunaobaki tunavyolisahau jambo hilo kila Oktoba, ikifika saa ya kupiga kura.

Usharika wetu uko Kinondoni, ndani kidogo ya Barabara ya Kawawa, umepakana na gereji upande mmoja na saluni ya mabibi harusi upande wa pili. Mwaka jana tulichagua kamati nzito. Mwenyekiti, mtu wa Machame. Makamu wake, Marangu. Mweka hazina, mama wa Rombo anayeaminika mpaka na wasiosali. Mimi nikapewa ukatibu kwa sababu nilikuja na kalamu. Kwetu ni Njombe, na watu wa Njombe hatuna haraka ya kwenda nyumbani Krismasi. Si kwamba hatupapendi. Mtoto wa Mchaga akifika kwao Desemba anachinjiwa mbuzi. Njombe wakati huo mvua zimekolea na mahindi yanadai palizi, kwa hiyo mtoto akifika anakabidhiwa jembe.

Kikao cha kwanza kiliitishwa saa tisa alasiri, kikaanza saa kumi na moja. Ajenda zilikuwa za kawaida: kufungua kwa sala, kuthibitisha muhtasari, yatokanayo, sherehe, mengineyo, kufunga. Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya kanisa anajua kwamba sherehe yenyewe hupewa dakika ishirini, mengineyo yakachukua jioni nzima. Ni kwenye mengineyo ambapo mzee mmoja wa kanisa alitaka aonyeshwe Baba Krismasi katika Maandiko. Hakupatikana. Mwalimu wa Shule ya Jumapili akajitetea kwamba asili yake ni Mtakatifu Nikolao, askofu wa Myra katika karne ya nne, pwani ya nchi ambayo leo ni Uturuki.

"Kumbe mtu wa pwani!" mzee akasema, akalegea. "Sasa hilo koti la manyoya analivalia nini?"

Swali likahamishiwa kikao kijacho, likakae na wenzake.

Tarehe haikuleta ubishi. Siku ya 25 ni ya ibada, kwa hiyo chakula kikawekwa tarehe 26, Boxing Day. "Msiwe na wasiwasi," mwenyekiti akatuambia, "siku hiyo ni mapumziko, mtakuwa na nafasi ya kutosha." Nikaandika hivyohivyo kwenye muhtasari.

Fedha tulizitafuta kwa njia mbili. Ya kwanza ni mnada. Kwetu, asiye na fedha taslimu huleta mazao yake, na baada ya ibada vitu hivyo hunadiwa nje ya kanisa: trei ya mayai, mkungu wa ndizi, mafungu ya mchicha, kuku. Jumapili moja ya Novemba aliletwa jogoo mwekundu, miguu imefungwa kwa kipande cha kitenge. Akanunuliwa kwa shilingi elfu thelathini, na aliyemnunua akasema, "Namrudisha, mnadini tena." Wakamnunua akina mama wa Umoja wa Wanawake, nao wakamrudisha. Kwaya ya Vijana, ambayo haijawahi kukubali kushindwa na akina mama, ikamnunua kwa ahadi, ikamrudisha. Jogoo yule aliingiza fedha kuliko baraza zima la wazee, kisha akaondoka mzima mikononi mwa mtu ambaye mpaka leo jina lake halionekani kwenye daftari.

Njia ya pili ni ahadi. Ahadi ya kanisani hutolewa kwa sauti kubwa mbele ya watu na hulipwa kwa simu, kimyakimya, pungufu. Aliyeahidi elfu hamsini anatuma elfu hamsini, bila ya kutolea. Tangu tozo za miamala za Julai 2021 ziwafundishe Watanzania hesabu, hakuna anayekubali kirahisi kubeba ya kutolea ya mwenzake, hata kama mwenzake huyo ni Bwana. Hata hivyo kidogokidogo zilifika, na kila shilingi ikaingia kwenye laini ya mweka hazina.

Tarehe 19 mweka hazina akasafiri kwenda Rombo. Na laini yake.

Wengine wakafuata. Kundi la kamati la WhatsApp halikulala hata siku moja. Picha zikamiminika: Kibo imevuliwa mawingu, sufuria ya machalari inafuka moshi, ndafu mzima ameshikishwa majani mdomoni. Chini ya kila picha mwenyekiti anaandika, "Katibu, maandalizi yanaendeleaje? Tuko pamoja." Tulikuwa pamoja kwa umbali wa kilomita zaidi ya 500.

Jioni ya Krismasi akanipigia mpishi. Amepata harusi Tabata. Sikuweza kumlaumu sana; wenye harusi walimlipa zote, sisi tulimpa nusu na baraka.

Mtaani kwetu yuko mama mmoja mtu mzima ambaye kila mtu anamwita Bi Mkubwa. Nyumba yake inatazamana na geti la kanisa. Hakuna maulidi, hitima wala arusi ya Kinondoni Mkwajuni iliyopikwa bila yeye kuonja chumvi. Alinikuta kwenye ngazi za kanisa, simu mkononi.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umejiinamia kama uliyefiwa, na leo sikukuu yenu?"

Nikamweleza. Akasikiliza, akapangusa miwani kwa pindo la khanga, kisha akauliza maswali matatu ambayo hayakuwahi kuulizwa katika kikao chetu chochote: Watu wangapi? Sufuria ziko wapi? Nani anachinja?

Watu nilimtajia idadi ya washarika. Akacheka. "Hao ni wenye kadi. Nimekuuliza walaji." Na hapo ndipo swali la tatu lilipopata uzito. Kinondoni hatuli kwa dini. Kanisa likipika, gereji inakula, bodaboda wa kijiweni wanakula, vijana wa madrasa wanapita kusalimia na salamu zao huwa ndefu. Mbuzi akichinjwa na mzee wa kanisa, nusu ya wageni wataishia kwenye soda. Bi Mkubwa akamtuma mjukuu amwite ustadhi, na alfajiri ya tarehe 26 mbuzi wetu wa mnada wa Pugu wakalazwa nyuma ya ofisi ya usharika, wakaelekezwa kibla. Kutoka Dar es Salaam, Makka iko kaskazini, karibu moja kwa moja. Kwa hiyo mbuzi wa sherehe waliiaga dunia wakitazama upande uleule ilikokwenda kamati.

Mchele tulikopa kwa Mpemba dukani. Kwanza nilijaribu kukopa kwa jina la kanisa, akaniangalia kwa upole. Nikataja jina la Bi Mkubwa, magunia yakatoka. Sufuria za shughuli zilikuwa Mwananyamala kwenye hitima ya watu. Zikaletwa kwa guta, na kwa kuwa mvua ya vuli ilikuwa inanyunya, msukuma guta aliivaa ile kubwa kichwani. Tuliokuwa getini tuliona sufuria inakuja kwa miguu yake.

Jikoni kwa Bi Mkubwa hakuna ajenda. Kwaya ya Vijana ilikuja kuangalia kama kuna sauti ya kupasha. Ikapewa vitunguu saumu imenye. Mwinjilisti akachambua mchele. Mimi katibu nikakabidhiwa mkaa. Vitunguu vikakaangwa mpaka vikawa kahawia iliyokolea, kwa sababu hapo, Bi Mkubwa alisema, ndipo pilau linapopata rangi yake, si kwenye pakiti za dukani. Ikafuata nyama na supu yake, binzari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga. Maji akayapima kwa mpini wa mwiko: akauzamisha, akautoa, akashika kidole gumba pale yalipoishia, akasema, "Basi." Mchele ulipokaribia kukauka tukapunguza moto chini na kupalia makaa juu ya mfuniko. Nikataka kufunua kidogo nione maendeleo. Mwiko ukanishukia kwenye vidole.

"Ondoka hapo! Pilau si muhtasari, halihitaji kuthibitishwa."

Saa sita na kitu, katikati ya salamu za mchungaji, spika zikakata. Watu wakalaani mgao. Haukuwa mgao, ilikuwa LUKU imekwisha, na fedha ya LUKU ilikuwa Rombo. Nikampigia mweka hazina. Kwa haraka ya mtu mwaminifu akanunua umeme palepale, ujumbe ukamfikia yeye, naye akautuma kwangu; ukafika saa mbili usiku. Ikabidi tokeni isomwe kwa sauti, tarakimu 20, mtandao unakuja na kuondoka, huku nyuma yake bibi mmoja anasisitiza kwamba asile ndizi zikiwa zimepoa.

"Nne, sita, sita, tisa…"

"Sita mbili au tatu?"

"Bibi, nakuja! Mbili. Au ngoja."

Tukiwa bado kwenye ile "ngoja", msikitini wakaadhini adhuhuri, na kwa mara ya kwanza katika historia ya sherehe zetu, spika zetu hazikugongana na za jirani. Mzee yule wa Maandiko akasema ni mpango wa Mungu. Bi Mkubwa na ustadhi wakaenda kuswali. Pilau likabaki linajipika kwa mvuke wake, harufu imejaa mpaka barabarani, na usharika mzima, mchungaji akiwa mbele, ukakaa kwenye viti vya plastiki kuwasubiri Waislamu wamalize swala, kwa sababu hakukuwa na Mkristo mwenye ujasiri wa kufunua sufuria ile.

Pengo hilo tukaliziba kwa Baba Krismasi. Aliyepangiwa kazi alikuwa Kibosho, kwa hiyo vazi likavaliwa na kijana fundi wa gereji. Mti wetu ulikuwa mvinje, umebandikwa pamba kwa niaba ya theluji, na pamba iliyobaki tukambandika fundi kidevuni. Joto la Desemba hapa linagusa nyuzi 32, na koti la Kariakoo lile halipitishi hata upepo wa feni. Kufika mtoto wa nne, ndevu zilikuwa zimehamia shingoni. Watoto wakatazama ile mikono inayotoa zawadi, wakaona oili kwenye kucha.

"Wewe si fundi?" mmoja akauliza, kifurushi ameshakipokea. "Baba anauliza IST yake umeimaliza lini."

Baba Krismasi akajibu kwamba anasubiri spea.

Watu walikula. Walikula wenye kadi na wasio na kadi, saluni ilikuja na bibi harusi aliyesukwa nusu, na Mpemba alifunga duka akaja kukagua mchele wake ukiwa umeiva. Mwenyekiti akatumiwa picha. Akajibu, "Hongereni sana! Kamati oyee!"

Januari wajumbe wakarejea na ndizi za kutosha, na kikao cha tathmini kikaitishwa. Mweka hazina akaleta hesabu iliyonyooka mpaka shilingi ya mwisho, deni la mchele likalipwa siku hiyohiyo. Kisha kikao kikaipongeza kamati kwa kazi nzuri na kupendekeza iendelee. Kwenye mengineyo nikanyoosha mkono. Nikasema kamati zetu zinagawa kazi kwa vyeo, mtaa unagawa kazi kwa sufuria, na tarehe 26 tumeona wenyewe kipi kinashibisha. Nikapendekeza Bi Mkubwa awe mjumbe.

Mwenyekiti akauliza kama utaratibu unaruhusu mjumbe asiye msharika. Mchungaji akauliza kama unaruhusu msharika asiyekuwepo. Hoja ikaahirishwa kwa kauli moja.

Sikusubiri kikao kijacho. Nikavuka barabara na doti ya kitenge tuliyochangishana, nikamweleza Bi Mkubwa nia yetu. Akapokea kitenge, akakikagua upindo, akaridhika.

"Mwanangu," akasema, "nina presha, nina sukari, sasa mnataka kuniongezea kamati? Idi nitahitaji viti vyenu na lile turubai kubwa. Mvilete mapema, na uje na hao vijana wa vitunguu saumu. Kamati iacheni hukohuko."