Mjomba, Ondoa Sikio Kwenye Kioo

Mjomba wangu akipigiwa simu ya video anapokea kama alivyopokea simu maisha yake yote: anaibandika sikioni. Mimi huku nilikopiga sioni uso wala mikono. Naona sikio, tena kwa karibu, na vinyweleo vyake vyeupe. Na mimi ni kiziwi tangu utotoni. Mjomba analijua hilo vizuri, maana ndiye aliyenipeleka shule ya viziwi. Lakini kwake simu ni simu. Binamu zangu wananiambia huwa anapaza sauti kabisa, halafu analalamika kwamba mtandao mbovu.

Sisemi kwamba simu ya video ni mbaya. Kabla yake tulikuwa tunagombana kwa SMS, na ugomvi wa SMS hauna ladha. Mke wangu naye ni kiziwi, na siku hizi akinikasirikia hakati simu. Anaigeuza tu itazame dari. Nabaki natapatapa kwa mikono, naliomba msamaha feni.

Shida ni kwamba vitu vingine vyote vinavyoizunguka simu hiyo vilipangwa kwa ajili ya masikio. Chukua vifurushi. Mimi nataka MB peke yake, kwa sababu video inazitafuna MB kama mchwa. Kumbe kifurushi kinachonifaa bei ni cha mchanganyiko: MB kidogo, na dakika za kuongea tele. Niongee na nani? Dakika zangu zinakufa kila usiku zikiwa bikira, na kampuni inanitumia ujumbe wa kunikumbusha kwamba zinakaribia kwisha muda. Asanteni kwa kujali.

Umeme ukikatika ndiyo basi. Ninyi mnaosikia mnapiga soga gizani mpaka alfajiri. Mimi nahitaji mwanga usoni, na tochi ya simu waliiweka upande wa nyuma, inamulika ukuta. Mkono mmoja umeshika simu, kwa hiyo nusu ya maneno yangu haisemeki. Nikiiegemeza kwenye kopo la sukari inateleza nikiwa katikati ya jambo la maana.

Inaniuma zaidi nikikumbuka historia ya chombo chenyewe. Alexander Graham Bell alipata hataza ya simu mwaka 1876. Mama yake alikuwa hasikii vizuri, na Mabel, aliyemwoa mwaka uliofuata, alikuwa kiziwi. Yaani bwana huyu alizungukwa na watu wasiosikia nyumbani kwake, akaenda kubuni kitu wasichoweza kukitumia! Na juu ya hapo hakutaka watoto viziwi wafundishwe kwa lugha ya alama. Baadaye kampuni ya AT&T ikaonyesha simu ya picha kwenye maonyesho ya New York mwaka 1964, ikaanza kuiuza Pittsburgh mwaka 1970, dola 160 kwa mwezi. Wanaosikia wakaikataa. Kitu ambacho kingetufaa sisi kikakosa soko.

Kisa cha juzi juzi sasa. Kadi yangu ya benki ilimezwa na mashine. Nikawaandikia huduma kwa wateja. Wakajibu: tafadhali piga simu. Nikaandika: mimi ni kiziwi. Wakajibu: pole sana, tutakupigia. Na kweli wakapiga. Simu ikatetema mezani mpaka ikakaribia kuanguka, nami naitazama tu. Kisha ukaja ujumbe kwamba shauri langu limefungwa kwa kuwa mteja hapokei simu.

Wenzetu Marekani wana utaratibu wao, uliozaliwa na sheria ya haki za watu wenye ulemavu ya mwaka 1990. Kiziwi anampigia mkalimani kwa video, anaongea naye kwa alama. Mkalimani anamsemea kwa benki kwa simu ya kawaida, kisha anarudisha majibu kwa mikono. Kiziwi halipi kitu. Kuna mfuko unaochangiwa na kampuni za mawasiliano. Simu ikiita, taa za nyumbani zinawaka na kuzima. Benki ikikuweka usubiri, anayevumilia ule muziki ni mkalimani, na analipwa.

Mkalimani wangu mimi ni mpwa wangu wa kidato cha pili, na malipo yake ni chipsi na soda. Nilimpa simu aongee na benki. Akasikiliza. Akaitikia kwa kichwa, akacheka kidogo, akakunja uso, akasikiliza tena muda mrefu, akasema "sawa, sawa". Mimi macho yamenitoka, nangoja. Akakata, akanigeukia, akanipa alama moja tu: hapana.

Nikamuuliza, na hayo mengine yote? Akanijibu kwamba hayakuwa na maana. Siku hiyo nilimnunulia soda ndogo, na chipsi hazikuwa na yai.