Jipu la Shirika

Muuzaji wa magari wa Kindu, Kongo, haapi kwa Mungu, huapa kwa shirika la misaada. "Papa, hii ilikuwa ya shirika," husema, akionyesha Land Cruiser nyeupe yenye kivuli cha stika iliyobanduliwa mlangoni. Kana kwamba barabara ya Kalima iliwaonea wageni haya, ikawapunguzia mashimo.

Haki yake ipewe, lakini. Injini ya 1HZ, iliyotoka mwaka 1990, ina lita 4.2 na mitungi sita, haina turbo, na pampu yake ya mazutu haingoji amri ya kompyuta. Fundi wa Pangi anaielewa. Mnunuzi naye, akishaisikia ikinguruma, husahau kulala chini atazame chasisi, huko kutu inakokula bila kelele.

Kilomita? Mita yake ilikatwa waya zamani.

Halafu kuna mazutu, inayofika Kindu kwa reli ya kusini au kwa mashua za Ubundu, ikiongezeka bei kila kituo. Kwa hiyo mheshimiwa ananunua jipu, analiosha, analiegesha majirani walione. Asubuhi ya safari ya Pangi anaita pikipiki, na nauli anaitoa kwenye pesa aliyoitenga kwa betri ya jipu.