Kilomita Zilizopotea Kemondo

Nyumbani kwetu Kemondo, dashibodi ya pikipiki si mali ya anayeendesha. Mimi husoma kilomita kila jioni na kuziandika daftarini, kwa sababu pikipiki hiyo moja asubuhi humpeleka mume wangu shuleni anakofundisha, mchana hubeba dagaa wangu kutoka mwaloni, na jioni hukabidhiwa shemeji aende kijiweni kutafuta hesabu. Mama mkwe husoma geji ya mafuta, maana mshale ukilala anajua Jumapili hakuna wa kumpeleka misa ya kwanza. Watoto nao husoma spidi wakiwa wamepakiwa, kisha humshitaki baba yao mbele ya chakula: "Leo ulifika sabini, na pale penye makazi mwisho hamsini."

Kwa hiyo mume wangu alipokuja na wazo la kuihamisha dashibodi, hakuwa anagusa pikipiki tu. Alikuwa anagusa serikali.

Chanzo kilikuwa kava la mbele, lile lenye kioo, la kufunga kwenye usukani. Alilikuta Bukoba kwa muuza spea, limetoka kwenye pikipiki kubwa kuliko yetu, akalileta ndani ya gunia. Sababu zake hazikuwa mbaya. Upepo wa ziwa hupiga kifua, mvua za huku hazingoji mtu afike, na Novemba, senene wanapoanza kuruka, mwendesha pikipiki wa usiku hula kofi la uso kila baada ya nguzo mbili za umeme.

Lakini mume wangu ni Nshomile, yaani Mhaya msomi, na Nshomile hawezi kufunga kitu kabla hajakitolea mhadhara. Ndizi zikapoa mezani tukielezwa kwamba mwaka 1969 Harley-Davidson waliivika Electra Glide kava pana lenye umbo la mbawa za popo, likafungwa mbele likigeuka pamoja na usukani. Tukaambiwa kwamba mwaka 1973 Wajerumani wa BMW walitoa R90S yenye kava dogo ambalo ndani yake waliweka saa na geji ya umeme.

"Kama Mjerumani aliweka saa ndani ya kava mwaka 1973, mimi nitashindwaje kuweka spidi leo?"

Mama mkwe akainua macho kwenye sahani. "Huyo Mjerumani, mwanangu, alikuwa na mke?"

Swali halikujibiwa. Jumamosi kazi ikaanza.

Tatizo lilionekana mapema: kava lilitaka kukaa palepale dashibodi iliposimama. Mtu mwingine angelisogeza kava mbele kidogo. Mume wangu aliona ni nafasi ya kuifanya pikipiki yetu ya Kichina ifanane na zile zinazopita kutoka mpakani Mutukula na mabegi ya bati ubavuni. Dashibodi ingeng'olewa, ipandishwe, isogezwe mbele na kuzama ndani ya kava, ikimtazama yeye peke yake. Nikamshauri amwite fundi wa njia panda. "Fundi wa nini? Hapa kuna nati nne na waya."

Nati nne na waya vilikula nusu ya jiko langu. Kisu cha kumenyea ndizi kilipashwa moto mkaani kikapanua tundu la taa kubwa kwenye plastiki. Kifuniko cha debe la unga kikakatwa kuwa breketi. Kamba ya waya ya kuanikia nguo ikafupishwa ili ishikilie kile ambacho breketi ilikataa kushikilia, na nguo za shule zikaanikwa kwenye ua wa michongoma.

Kumbe waya wa spidi nao una mipaka yake. Huo hauleti umeme. Ndani ya ganda jeusi kuna waya mwingine unaozungushwa na meno yaliyo kwenye kitovu cha gurudumu la mbele, na mzunguko huo ndio unaosukuma mshale na kugeuza namba za kilomita. Ili uzunguke vizuri unatakiwa upinde kwa upole. Dashibodi ilipopanda, waya ukapungua kama kiganja kimoja. Mume wangu akautoa kwenye vishikizo vyake, akaupitisha njia ya mkato, akaukunja kwa nguvu nyuma ya breketi. Waya wa mafuta, ule unaovutwa na mkono wa kulia, ukabanwa hapohapo.

Usukani ukiwa umenyooka, kila kitu kilikuwa salama. Akawasha, pikipiki ikanguruma kwa adabu. Akaingiza gia ya kwanza, akaanza kuzunguka uwanja mbele ya familia nzima, akakata kushoto.

Ukikata kushoto mkono wa kulia wa usukani huenda mbele. Waya uliobanwa hauna pa kwenda, hivyo hujivuta wenyewe. Injini ikapiga resi bila kuombwa. Kadiri alivyokata kukwepa banda la kuku, ndivyo pikipiki ilivyoongeza mwendo, mpaka banda likapona na mgomba wa mama mkwe ukalala chini na mkungu wake mchanga. Mama mkwe alikuwa keshafika katikati ya uwanja. Tangu tetemeko la Septemba 10, 2016, akisikia mngurumo hutoka kwanza, huuliza baadaye. Alimtazama mwanawe kati ya migomba, akautazama mkungu, akasema, "Huo ulikuwa wa Krismasi."

Waya wa mafuta ulilegezwa jioni ileile. Dashibodi ilibaki ndani ya kava, na hapo ndipo mambo ya nyumba yalipoharibika kweli. Kutoka barazani sikuweza tena kusoma kitu. Ilinibidi nipande kwenye kiti cha pikipiki na gauni langu, niinamie kioo. Geji ya mafuta nayo ilipata wazimu: indiketa ikiwashwa, mshale hupanda na kushuka kuifuatisha. Mama mkwe alikuwa akipakiwa nyuma, akichungulia begani: "Yapo. Hayapo. Yapo. Baba, simama tununue."

Mshale wa spidi ukacheza kati ya ishirini na sitini siku kadhaa, kisha ukalala. Mume wangu hakumwambia mtu. Mimi nilijua kwa daftari. Jioni ya Jumatatu namba ilikuwa ileile ya Jumapili. Jumatano pikipiki ilikwenda Muleba na kurudi, ikabeba dagaa, ikashinda kijiweni, na haikuwa imesogea hata kilomita moja.

Nikamuuliza shemeji hesabu yake, akasema abiria hawapo, na kweli dashibodi ilimshuhudia kwamba hakwenda popote. Nikauliza kuhusu kumwaga oili, nikaambiwa kilomita za kumwaga oili hazijatimia. Petroli peke yake ndiyo iliyoendelea kuisha.

Nilitaka kava liondoke lote. Aliyelitetea ni mama mkwe. Usiku mmoja wa senene mume wangu alirudi kutoka Muhutwe, na kwa kuwa senene hufuata mwanga, taa kubwa ilikuwa imewaita njia nzima wakanasa kati ya kava na dashibodi. Mama mkwe akaja na beseni, akachota. Zamani kwa Wahaya mwanamke aliokota na kukaanga, mwanamume akala. Sheria hiyo mama mkwe aliivunja kabla mimi sijaolewa. Alikaanga, akala, akatoa hukumu: "Kava libaki. Hiyo saa ndiyo itoke."

Fundi wa njia panda alikuja na chuma bapa na waya mpya wa spidi. Dashibodi ikarudi kwenye nati zake za zamani, ikiinuliwa kidogo na breketi ya chuma, na kava likasogea mbele kwa vidole viwili. Waya wa ethi, ambao mume wangu aliufunga juu ya rangi, ukakwanguliwa mahali pake hadi chuma king'ae. Umeme uliokosa njia ya kurudi, alieleza, ulikuwa ukipita kwenye geji. Mwisho akawasha injini, akakata usukani kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, akisikiliza. Sauti haikubadilika. Kipimo hicho hakihitaji hata spana.

Namba zilianza kutembea, zikionekana tena kutoka barazani. Zikabaki zile kilomita ambazo hazikuandikwa popote. Kwa watu wa kodi, TRA, mfanyabiashara asiyetunza kumbukumbu hukadiriwa, nami sikuona sababu ya kuwa mpole kuliko TRA. Nikachukua daftari, nikawakadiria ndugu wawili hao safari za Muleba, za mwaloni na za kijiweni, nikajumlisha kisu, debe na kamba ya nguo. Shemeji ameanza kulipa kidogo kidogo. Mume wangu amekata rufaa kwa mama yake, lakini mama mkwe bado anadai mgomba wake, kwa hiyo kesi haijapangiwa tarehe.